Simba wa Kila Asubuhi

Mwishoni mwa mwaka 1842, katika jiji la Edo, ambalo leo ndilo Tokyo, mzee wa miaka 82 alijiwekea ada ya kuchora simba kila akiamka. Karatasi moja, brashi, wino mweusi, na tarehe ya siku pembeni. Kesho yake simba mwingine. Ada hiyo aliishika hadi mwisho wa mwaka uliofuata.

Mzee mwenyewe ni mchoraji Katsushika Hokusai, na wala hakuwa na haja ya kutafuta sifa tena. Ile picha yake ya wimbi kubwa linaloinukia mashua, Mlima Fuji ukionekana kichuguu kwa mbali, ilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Vitabu vyake vya michoro, Manga, vilikuwa vimeanza kutoka tangu 1814, na wanaojifunza kuchora walivitumia kama juzuu za chuoni. Angeweza kabisa kukaa kibarazani akanywa chai yake.

Lakini nyumbani hapakukalika. Mjukuu wake alikuwa mcheza kamari, na madeni ya kijana yakawa yanabisha hodi kwa babu. Mwaka 1839 moto ulikuwa umemteketezea michoro aliyoikusanya kwa miaka mingi. Kwa hiyo simba wale hawakuanza kama zoezi la kunoa mkono. Walikuwa hirizi. Mkusanyiko huo huitwa Nisshin Joma, ambalo kwa Kiswahili tungesema zinguo la kila siku: balaa la leo lifukuzwe leo, la kesho lina simba wake.

Inasimuliwa kwamba alipomaliza kuchora aliikunja karatasi na kuitupa nje ya nyumba.

Japani haina simba, na Hokusai hakuwahi kumtia mmoja machoni. Aliowachora ni shishi, simba wa hadithi waliotoka China, wenye manyoya ya kujiviringa, ambao sanamu zao hulinda malango ya mahekalu. Sasa mtu anayerudia mnyama mmoja, tena asiyemjua, siku ya arobaini atachora nini? Hokusai alimpa tabia za watu. Kuna simba anayeruka, kuna anayecheza, kuna aliyejikunja kama paka wa jikoni. Siku nyingine hakuchora simba hata kidogo, bali mcheza ngoma aliyejivika kichwa cha simba, kama wafanyavyo Wajapani kwenye sherehe za mwaka mpya. Mistari ni michache na ya haraka, maana wino haufutiki. Mkono ukiteleza, simba wa siku hiyo ndiye huyo huyo.

Wanaomsifu Hokusai kwa nidhamu husahau upande wa pili. Mtu huyu hakuwa na utaratibu mwingine wowote maishani. Aliishi na binti yake Oi, naye mchoraji hodari, na hakuna kati yao aliyejali ufagio. Takataka zikizidi, wanahama. Inasemekana alihama mara 93. Majina ya kazi alibadilisha zaidi ya 30. Fedha hazikukaa mkononi mwake. Nidhamu yake yote aliimimina penye brashi, na kwingine hakubakiza hata tone. Pengine ndiyo maana ilidumu: haikudai abadilike awe mtu mwingine, ilidai simba mmoja tu kabla ya mambo mengine ya siku.

Hata kama zilitupwa nje, karatasi 219 za mkusanyiko wa simba zilimfikia ofisa mmoja wa jimbo la Matsushiro, aliyekuwa akimwomba Hokusai picha. Leo zimo katika Makumbusho ya Taifa ya Kyushu, na kwa kuwa kila moja ina tarehe yake, mtu anaweza kuzifuata asubuhi baada ya asubuhi.

Hokusai alifariki mwaka 1849. Mwanzoni mwa mwaka huo huo alikuwa amechora chuimilia akipanda juu katikati ya theluji.