Pasipoti ya Kenya: Safari ya Karne Moja Kutoka Hisani hadi Haki

Ibara ya 12 ya Katiba ya Kenya ni fupi, na wasomaji wengi huipita haraka wakielekea kwenye sura ya haki za binadamu au ile ya ugatuzi. Inasema kila raia anastahili kupata pasipoti ya Kenya pamoja na hati nyingine za utambulisho ambazo Serikali huwapa raia wake. Kisha inaongeza kwamba pasipoti haiwezi kunyimwa, kusimamishwa wala kutwaliwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, tena sheria inayolingana na Katiba yenyewe.

Kijana aliyepata kitambulisho baada ya Agosti 2010 hatashangazwa na maneno hayo. Mzee aliyeishi Kenya ya kabla ya hapo anajua uzito wake. Kwa sehemu kubwa ya miaka mia moja iliyopita, karatasi ya kumruhusu Mkenya kwenda atakako ilitawaliwa na mtu mwingine: mwenye shamba, ofisa wa mkoloni, waziri, hata mume. Historia ya pasipoti yetu ni historia ya wananchi kuidai karatasi hiyo irudi mikononi mwao, na dai hilo bado halijaisha.

Karatasi mbili za mwaka 1920

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, msafiri aliweza kuvuka mipaka mingi ya Ulaya bila kuulizwa pasipoti. Vita vilileta hofu ya majasusi na watoro, na serikali zikaanza kudai hati mipakani. Vita vilipokwisha, desturi hiyo haikuondoka. Oktoba 1920, Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, liliitisha mkutano mjini Paris, na humo yakakubaliwa mapendekezo ya kitabu cha muundo mmoja chenye kurasa 32. Pasipoti tunayoijua leo ina asili yake hapo.

Mwaka huohuo Kenya ilitangazwa kuwa koloni la Uingereza, na Mwafrika wa kawaida alikuwa akibebeshwa hati ya aina nyingine kabisa. Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, kisha ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande. Kiliandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuondoka. Kilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni.

Mwajiri asipotia sahihi ya kumruhusu mfanyakazi kuondoka, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine. Aliyeondoka bila sahihi alihesabiwa mtoro na angeweza kushtakiwa. Kwa hiyo mtu alikivaa kipande mwilini mwake, lakini aliyeamua aende wapi ni yule mwenye kalamu.

Wakenya hawakukubali kimya kimya. Harry Thuku alizunguka akihutubia watu dhidi ya kipande, kodi na kazi za lazima. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi ukidai aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawapa wanaume changamoto kali ya kumtaka kiongozi wao. Risasi zikafyatuliwa. Hesabu ya serikali yenyewe ilikiri vifo zaidi ya 20, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Kenya.

Kipande kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, usajili wa watu wa rangi zote ulipochukua nafasi yake. Lakini Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, haukupita muda mrefu kabla Wakikuyu, Waembu na Wameru kulazimishwa tena kubeba pasi ili waweze kutembea ndani ya nchi yao.

Nani Mkenya?

Uhuru ulipokaribia lilizuka swali ambalo kipande hakikuwahi kulijibu: nani atakuwa raia? Mwambao wa Pwani ulikuwa himaya iliyohesabiwa kuwa ya Sultani wa Zanzibar, na ni makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyouingiza rasmi katika Kenya huru. Katiba ya uhuru iliwafanya raia moja kwa moja, tarehe 12 Desemba 1963, watu waliozaliwa Kenya ambao angalau mzazi wao mmoja alizaliwa nchini. Wengine walipewa miaka miwili kuomba usajili, hadi Desemba 1965.

Wakenya wengi wenye asili ya India na Pakistan hawakuomba. Wapo waliosita kwa kutojua kesho ingeleta nini, na wapo walioamini pasipoti ya Uingereza mkononi ilikuwa dhamana tosha. Sheria ya Uhamiaji ya 1967 ilipowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, maelfu walifunga virago kuelekea London. Bunge la Uingereza likatunga sheria kwa muda wa siku tatu tu, na ilipofika tarehe 1 Machi 1968 mwenye pasipoti ya Uingereza asiye na mzazi au babu mwenye chimbuko katika nchi hiyo hakuwa tena na haki ya kuingia bila kibali. Vibali vya wakuu wa familia viliwekwa 1,500 kwa mwaka.

Watu walibaki na kitabu chenye nembo ya ufalme, lakini bila nchi ya kuwapokea. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba walibaguliwa kwa rangi yao kiasi cha kudhalilishwa utu. Funzo hilo linaihusu kila nchi. Pasipoti isiyompa mwenyewe haki ya kurudi nyumbani haina thamani, hata iwe imetolewa na taifa kubwa namna gani.

Kitabu kilipogeuzwa rungu

Hapa Kenya, wenye mamlaka wapya walirithi pia tabia ya wale wa zamani. Jaramogi Oginga Odinga alizuru China na nchi nyingine za kikomunisti mwaka 1960, na aliporudi serikali ya kikoloni ikamnyang'anya pasipoti. Alikuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya huru. Alipokosana na Rais Jomo Kenyatta, pasipoti ikachukuliwa tena, safari hii na serikali aliyosaidia kuileta madarakani.

Wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, kunyang'anya pasipoti kulikuwa njia nyepesi ya kumtia adabu mkosoaji. Hakukuhitajika kesi wala ushahidi. Nyayo House, jengo la Nairobi ambalo Wakenya wamelizoea kama makao ya Idara ya Uhamiaji, lilikuwa pia na vyumba vya mateso katika orofa yake ya chini, ambamo watuhumiwa wa kundi la siri la upinzani la Mwakenya waliteswa katika miaka ya 1980. Juu, mwananchi aliomba ruhusa ya kusafiri. Chini, mwenzake alifungiwa gizani. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003, baada ya chama cha Moi, KANU, kuondoka madarakani.

Mahakama nazo ziliegemea upande wa serikali. John Harun Mwau alipokwenda Mahakama Kuu miaka ya 1980 kudai pasipoti yake, aliambiwa kwamba kutoa na kuchukua pasipoti ni mamlaka ya dola, na kwamba raia hana haki ya kuidai. Kwa miaka zaidi ya 20 msimamo huo ulikuwa ngao ya kila ofisa aliyetaka kumzuia mtu asisafiri.

Wanawake walibeba mzigo wa ziada. Kwa miaka mingi mwanamke alitakiwa kuleta idhini ya mume au baba ili apewe pasipoti. Katiba ya zamani ilimruhusu mke mgeni wa Mkenya kusajiliwa kuwa raia, lakini mume mgeni wa Mkenya mwanamke hakuruhusiwa. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo alirithi uraia wa baba, si wa mama. Na Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa kwao, hata kama aliuchukua ili apate kazi ya kuwalisha wazazi kijijini.

Ufa wa kwanza katika ukuta huo ulionekana mwaka 2007, katika kesi ya mfanyabiashara Deepak Kamani. Mahakama Kuu ilikataa kufuata uamuzi wa Mwau, ikashikilia kwamba uhuru wa kutembea hauna maana bila hati ya kusafiria. Miaka mitatu baadaye, Katiba mpya ikaliandika jambo hilo peupe.

Haki, na masharti yake

Katiba ya 2010 ilibadilisha mengi kwa mpigo. Mama na baba sasa wanarithisha uraia sawasawa. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuurejesha kwa kuomba. Mtoto anayeokotwa nchini akionekana kuwa chini ya miaka minane, bila wazazi kujulikana, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa.

Haki hizo zina wajibu wake. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamtaka mwenye uraia pacha autangaze kwa Serikali, na kuficha ni kosa. Ofisa wa ngazi ya dola au mwanajeshi haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Kitabu chenyewe hubaki mali ya Serikali, kwa hiyo kukichana, kukiuza au kumpa mtu mwingine akitumie ni jinai.

Sheria nzuri haitoshi ikikosa ofisa wa kuitii. Wakili Miguna Miguna, mzaliwa wa Kenya aliyepata pia uraia wa Canada, alifukuzwa nchini Februari 2018, akazuiwa tena uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mwezi uliofuata licha ya amri za mahakama. Mahakama Kuu iliamua mwaka huohuo kwamba hakuwahi kupoteza uraia wake wa kuzaliwa. Hata hivyo hakurejea hadi Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Uamuzi wa jaji ulikuwepo miaka yote hiyo, na langoni hakupita.

Wasiokuwa kwenye daftari

Wapo pia ambao hawakuwahi kuufikia mjadala wa pasipoti, kwa sababu hawakuwa na kitambulisho. Wamakonde walikuja Pwani kutoka Msumbiji na Tanzania enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walizaa, wakazikana Kwale, na bado wakaitwa wageni. Asiyekuwepo na lake halipo: bila kitambulisho hawakuweza kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki wala kupata kazi ya kuandikishwa. Oktoba 2016 waliamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Hatimaye walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na mapema 2017 vitambulisho vikaanza kutolewa.

Wapemba, ambao wamevua samaki Kwale na Kilifi kwa vizazi, walisubiri zaidi. Walianza kupewa vitambulisho Julai 2023 chini ya Rais William Ruto. Kwa Wakenya wa Kaskazini Mashariki, usaili wa ziada uliowatesa vijana kwa miongo ulitangazwa kufutwa Februari 2025. Katika kila mfano, watu walikuwa Wakenya kabla karatasi haijasema hivyo.

Mkononi mwa nani?

Septemba 2017 Kenya ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye chipu na jina la Jumuiya juu ya jalada, ikimrithi mtangulizi wake wa 1999 aliyetumika ndani ya ukanda huu pekee. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu, ingawa mkazi wa Lunga Lunga anayekwenda kumsalimu shangazi Tanga bado anahitaji pasipoti au hati ya muda.

Lakini teknolojia haijalijibu swali la zamani. Huko Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, wapo waajiri wanaofungia kabatini pasipoti za wafanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya, ingawa hata kanuni za Saudia zenyewe zinakataza. Dada aliyeko Riyadh ambaye hawezi kuondoka mpaka mwajiri atake yuko pale alipokuwa kibarua wa 1920 aliyesubiri sahihi kwenye kipande. Serikali inayoruhusu mawakala kupeleka raia wake huko inao wajibu wa kuhakikisha kila mmoja anakaa na kitabu chake mwenyewe, na balozi zetu zipokee malalamiko hayo kama dharura.

Nyumbani nako, haki inayocheleweshwa miezi kwenye foleni kwa sababu mashine imeharibika au vitabu vimekwisha hugeuka tena hisani, na hisani huwa na bei yake. Ndiyo maana ulaji rushwa hustawi pale palipo na uhaba. Mwananchi asikubali kuomba radhi kwa kudai chake. Ibara ya 47 ya Katiba inamtaka kila ofisa wa umma atende haraka na kwa haki, na atoe sababu kwa maandishi anapomnyima mtu haki yake. Ukiambiwa pasipoti yako haipo au haitatoka, iulize ofisi hiyo sababu kwa barua, uhifadhi nakala, na usipojibiwa upeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama Ofisi ya Ombudsman. Waliotutangulia walidai haya bila Katiba ya kuwalinda. Sisi tunayo, na kazi iliyobaki ni kuitumia.