Rabat: Mji wa wafalme wenye 'Dar es Salaam' yake

MKAZI wa Dar es Salaam atakayepanda teksi mjini Rabat na kulitaja jina la mji wake, huenda akapelekwa kwenye uwanja wa gofu. Nje kidogo ya mji huo mkuu wa Morocco, ndani ya msitu wa mialoni, kuna Royal Golf Dar Es Salam, mojawapo ya viwanja maarufu zaidi vya mchezo huo barani Afrika.

Watalii wengi waendao Morocco hukimbilia Marrakech au Fez. Rabat hupitwa kwa treni, hasa tangu mwaka 2018, ilipoanza kazi treni ya mwendo kasi ya Al Boraq, ya kwanza ya aina yake Afrika, inayoiunganisha Tangier na Casablanca. Hilo ni kosa. Kwa mtu mwenye siku tatu na fedha za kutosha, ni vigumu kupata mji mwingine wa Afrika ambamo sanaa, urithi wa kifalme, chakula na gofu vimekaa karibu namna hii.

Mahali pa kuanzia ni Mnara wa Hassan. Sultani Yaqub al-Mansur wa dola ya Almohad alikusudia kujenga hapo msikiti mkubwa kupita kiasi, lakini alifariki mwaka 1199 na kazi ikasimama. Mnara ukaachwa na urefu wa mita 44. Tetemeko la ardhi la mwaka 1755, lile lililoiangamiza Lisbon, likaangusha sehemu kubwa ya kilichokuwapo. Leo zimebaki safu za nguzo zilizokatika, zisizobeba paa lolote.

Ng'ambo ya nguzo hizo lipo kaburi la Mfalme Mohammed V, aliyeiongoza nchi kupata uhuru mwaka 1956. Jengo hilo la marumaru nyeupe na paa la vigae vya kijani lilikamilika mwaka 1971, na aliyelichora ni msanifu mwenye asili ya Vietnam, Vo Toan. Mwanawe, Hassan II, naye amezikwa humo. Wasio Waislamu wanaruhusiwa kuingia, jambo ambalo si la kawaida katika majengo ya ibada ya nchi hiyo. Kasri la mfalme lenyewe hutazamwa kwa nje tu.

Kwa upande wa sanaa, Jumba la Makumbusho la Mohammed VI, lililofunguliwa mwaka 2014, limekwisha kuonyesha kazi za Giacometti na Picasso. Hata hivyo, msomaji asikubali kuwapita Wamorocco wenyewe. Amtafute Chaïbia Talal, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, aliyefiwa na mume angali kijana na kufanya kazi za ndani ili amlee mwanawe. Alijifundisha kuchora mwenyewe, na rangi zake kali zikafika katika kumbi za Paris. Alifariki mwaka 2004.

Chakula cha Rabat hakitamshangaza sana mtu wa pwani yetu. Mdalasini, zafarani, tangawizi, lozi na ndimu za kutia chumvi ni vitu vinavyojulikana Zanzibar na Lamu. Aliyezaliwa Tangier mwaka 1304, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa, alikaribishwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu pamoja na maembe na tangawizi. Safari hiyo aliisimulia baadaye akiwa Fez, na chakula hicho alikuwa bado anakikumbuka.

Mgeni apange Ijumaa yake iwe Rabat, kwani ndiyo siku ya kuskusi katika kila nyumba. Pastilla, mkate mwembamba uliojazwa nyama ya njiwa au kuku pamoja na lozi, kisha ukanyunyiziwa sukari na mdalasini, una utamu unaohitaji kuzoewa. Mwandishi huyu alihitaji vipande viwili.

Gofu ni habari ya mtu mmoja. Hassan II aliupenda mchezo huo kiasi cha kumwita bingwa wa Marekani, Claude Harmon, awe mwalimu wake, na akamwagiza Robert Trent Jones kuchora uwanja wa Dar Es Salam. Una mashimo 45. Shimo la tisa la uwanja Mwekundu limewekwa kisiwani, na mpira usiofika hupotelea majini. Mashindano ya Hassan II yalianza mwaka 1971, na mshindi hukabidhiwa jambia lililopambwa kwa vito.

Mwaka huohuo, Julai 10, gofu ilikuwa ikichezwa katika kasri la Skhirat, kusini mwa Rabat, kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa mfalme, pale askari waasi walipovamia na kuua wageni wengi. Mfalme alinusurika. Anayezungumzia gofu na ufalme nchini humo asiuruke ukurasa huo.

Lipo pia suala la maji. Mapema mwaka 2024, kutokana na ukame wa miaka mfululizo, hamamu katika miji kadhaa zilitakiwa kufungwa siku tatu kwa wiki. Kwa familia nyingi za kipato cha chini, hamamu ndiyo bafu. Wakati huohuo nyasi za viwanja vya gofu zilihitaji kunyweshwa, na serikali imekuwa ikivisukuma viwanja hivyo vitumie majitaka yaliyosafishwa. Mchezaji mwenye adabu anaweza kuuliza, kabla ya kulipa ada, maji ya uwanja husika yanatoka wapi.

Majira mazuri ya kwenda ni Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba. Jioni ya mwisho mtu aimalizie katika ngome ya Udaya, kwenye mkahawa unaoutazama mto Bou Regreg na mji wa Salé ng'ambo, akinywa chai ya nanaa na biskuti za lozi zilizokunjwa kama pembe za paa. Kikombe ni fedha kidogo sana.