Kuvuka na Kuvushwa: Madaraja ya Kusini kutoka Ndundu hadi Njinjo



Mtu atokaye Njinjo, wilayani Kilwa, akielekea Dar es Salaam huvuka maji mara nyingi. Huvuka Matandu, mto unaotoka bara na kumwaga maji yake baharini kaskazini ya Kilwa Kivinje. Huvuka vijito vya Miteja na Somanga. Na mwisho huvuka Rufiji. Historia ya madaraja ya kusini aghalabu husimuliwa kwa mto huo wa mwisho peke yake. Mimi naomba kuisimulia kwa kuanzia Njinjo, kwani huko ndiko upungufu wa masimulizi hayo unakoonekana.

Mniwie radhi nikianza na maneno, maana ndiyo kazi yangu. Kiswahili kina neno la kale, ulalo, yaani gogo au mti uliolazwa juu ya mto ili watu wapite. Daraja tumelipata katika Kiarabu, ambako maana yake ni kidato au cheo. Mwarabu akitaka kutaja daraja la mto husema jisr au kantara. Sisi tukalitwaa neno la ngazi tukalilaza juu ya maji, na bado tunalitumia kwa vyeo, hata wanafunzi waliomo humu hujuana kwa madaraja. Kivuko ni letu kabisa, limetokana na kuvuka, nalo hutaja mahali na chombo pia. Pantoni ililetwa na Waingereza pamoja na mashine yenyewe.

Kwanza lakini ilitarajiwa reli. Mwaka 1905 kilichapwa Berlin kitabu cha Paul Fuchs kuhusu uchunguzi wa kiuchumi wa reli ya kusini, ambayo ingeanzia Kilwa na kuishia Ziwa Nyasa. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya serikali, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Ni vigumu kuyatenganisha mambo hayo mawili: mkono mmoja ulikuwa ukipima nchi kwa ajili ya mazao ya kusafirisha nje, na mkono mwingine ukiwalazimisha wenye nchi kuyalima. Reli ile haikujengwa. Iliyojengwa ni ya Waingereza, baada ya mwaka 1947, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ulianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ile ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Hivyo Kilwa haikupata reli, wala daraja la reli. Ilibaki na barabara, na barabara ilikomea Ndundu.

Nilipita Ndundu mara kadhaa wakati wa kukusanya msamiati wa pwani ya kusini. Basi lilifika ukingoni, abiria wakateremka, wanawake wakatandika kanga chini ya miti, na kila mtu akaitazama pantoni iliyokuwa ng'ambo. Mto ukijaa, kungoja huko kuliweza kuwa kwa siku kadhaa. Lililonivutia mimi ni kitenzi. Hakuna aliyesema "tumevuka". Walisema "tumevushwa", kwa kauli ya kutendeshwa na kutendwa kwa pamoja, kana kwamba safari ilikuwa mikononi mwa mwingine. Na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 2 Agosti 2003 Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alifungua daraja lenye jina lake, lenye urefu wa mita 970 hivi, lililogharimiwa kwa msaada mkubwa wa Mfuko wa Kuwait. Siku hiyo kusini kuliunganishwa na nchi. Sipunguzi hata chembe ya sifa hiyo. Hata hivyo, kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga zilibaki za udongo, na ilichukua takribani muongo mmoja zipate lami. Gari liliruka Rufiji kwa dakika mbili, kisha likazama tope mchana kutwa. Masika ya miaka hiyo, kwa abiria wa Lindi, daraja lilikuwa mlango mzuri wa nyumba isiyo na ukuta.

Lami nayo ilileta tatizo lake, na hapa nawaomba wahandisi waliopo wanivumilie. Barabara ipitayo kwenye bonde la mto hunyanyuliwa juu ya tuta. Tuta hilo ni boma: maji ya mafuriko, ambayo zamani yalitawanyika bondeni, sasa hutafuta tundu la kupitia. Tundu likiwa ni kalavati dogo, maji hujikusanya upande wa juu, hupita kwa kasi, na kasi huchimba mchanga wa msingi. Tukisikia daraja linapanuliwa, tunadhani linapanuliwa kwa ajili ya magari. Huku Kilwa lilipaswa kupanuliwa kwa ajili ya maji.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani, barabara ilikatika eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam, ilhali Daraja la Mkapa lilikuwa limesimama imara huko kaskazini. Likaamuliwa jambo ambalo lingepaswa kuamuliwa mapema: palipokuwa na makalavati pajengwe madaraja yenye matundu mapana. Aprili 2025, kazi ikiendelea, njia za mchepuko nazo zilisombwa, na magari yakapanga foleni upya.

Njinjo ilikwisha kuyaona hayo kabla ya wote. Januari 2020 Matandu ulipofurika, Njinjo na vijiji jirani viligeuka ziwa, na watu walipoteza maisha katika mkoa wa Lindi. Yaliyotukia huko hayakukata barabara kuu, na yamkini ndiyo sababu hayakukumbukwa sana humu mjini. Mimi nayakumbuka kwa kuwa wakati wa kukusanya msamiati niliwahi kukaa Njinjo majuma mawili, wakati wa mvua, nikiuliza majina ya vitu. Kila asubuhi watu waliotaka kwenda Nangurukuru walipokutana njiani waliulizana kwanza hali ya familia, kisha, "Maji yamefika wapi?" Nikidhani ni maamkizi, niliyaandika katika daftari chini ya kichwa hicho. Siku iliyofuata mzee mmoja aliyekuwa akinisaidia aliyasoma, akacheka, akanichukua hadi mtoni akanionyesha kijiti kilichochomekwa ukingoni.