Wilaya ya Gucha Ilikwenda Wapi?

Sensa ya mwaka 1979 ilihesabu watu 869,512 katika Wilaya ya Kisii nchini Kenya. Mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860. Anayelinganisha takwimu hizo mbili ataona ongezeko lisilofika nusu, na atakuwa amekosea vibaya. Kisii ya 1979 ilijumuisha pia eneo ambalo leo ni Kaunti ya Nyamira, iliyokuwa na watu 605,576 mwaka 2019. Ukijumlisha unapata 1,872,436, zaidi ya mara mbili ya idadi ya awali.

Jina lilibaki lilelile, mipaka ikahama.

Na ilikuwa imehama kabla ya hapo. Wakati wa ukoloni, mji wa Kisii ulikuwa makao makuu ya Kavirondo Kusini, wilaya ya Wagusii, Wajaluo na Wakuria, ambayo baadaye iliitwa Nyanza Kusini. Uhuru ulipokaribia, Wagusii walipata wilaya yao. Mashamba ya walowezi upande wa Sotik yalipogawiwa wananchi, Borabu ikaongezeka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Nyamira ilimegwa, na katika miaka ya 1990 ikafuata Gucha, makao yake yakiwa Ogembo.

Sensa ya 1999 ikaorodhesha wilaya tatu: Kisii ya Kati yenye watu 491,786, Gucha 460,939 na Nyamira 498,102. Kufikia sensa ya 2009 zilikuwa zimezaliwa nyingine, zikiwemo Manga, Masaba na Borabu. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ilitamka kwamba wilaya zilizoundwa baada ya 1992 hazikuwa na msingi wa kisheria. Katiba ya 2010 ilijenga kaunti juu ya orodha ya 1992: Kisii ikawa nambari 45, Nyamira 46. Gucha ikamezwa tena na Kisii. Mtu anayetafuta leo mwenendo wa chanjo au mavuno ya wilaya hiyo hana kaunti ya kuulinganisha nayo.

Mwaka 2012 majimbo ya uchaguzi nayo yalichorwa upya. Kitutu Chache ikawa mbili, Kaskazini na Kusini. Bomachoge ikazaa Bomachoge Borabu na Bomachoge Chache. Sasa kuna Borabu iliyo jimbo la Nyamira na Bomachoge Borabu iliyo Kisii. Kompyuta inayotambua mahali kwa jina tu inaweza kupeleka takwimu za kaunti moja kwa nyingine. Katika mji wa Keroka, uliokaa mpakani, kaunti hizo mbili zimevutana kuhusu nani atoze ushuru, kwa hiyo swali la mstari ulipo linagusa mfuko wa mchuuzi.

Dawa ya tatizo hili imekuwapo muda mrefu katika sajili ya ardhi. Shamba hutambuliwa kwa eneo la usajili, sehemu na nambari, kama vile West Kitutu/Bogeka na nambari yake. Baba anapowagawia wanawe, mpimaji hujaza fomu ya mgawanyo, rejista ya shamba mama hufungwa, na vipande hupewa nambari mpya. Rejista iliyofungwa haifutwi: inaonyesha ilifungwa lini, kwa sababu gani, na nambari zipi ziliirithi. Kwa njia hiyo ekari ya leo inaweza kufuatwa nyuma hadi kwa mmiliki wa kwanza aliyesajiliwa.

Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, inafuata kanuni hiyohiyo. Kila barabara au mpaka una nambari ya toleo. Ukihaririwa, toleo jipya huingia pamoja na tarehe na jina la mhariri, na la zamani hubaki likisomeka. Orodha za kiutawala zinahitaji nidhamu hiyo: Gucha ibaki na msimbo wake, tarehe ya kuanza, tarehe ya kukoma, na kiungo cha majimbo yaliyoirithi.

Haja hiyo iko karibu. Katiba inataka mipaka ya majimbo ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12, na ya wadi mara kwa mara; muda wa majimbo uliohesabiwa tangu 2012 ulikwisha Machi 2024 kabla ya kazi hiyo kufanyika. Itakapofanyika, wadi 45 za Kisii na 20 za Nyamira zinaweza kubadilika. Kabla mistari mipya haijachapishwa, kaunti zote mbili zinapaswa kuihifadhi ya sasa ikiwa na tarehe zake, pamoja na jedwali linaloonyesha kila wadi ya zamani imeingia wapi.