Namna ya Kupiga Picha ya Tone la Maji kwa Kamera Ndogo

Ukipita shambani alfajiri, utakuta majani ya mahindi, mihogo na magimbi yamejaa matone. Wengi wetu tunayajua kwa jinsi yanavyotulowanisha suruali na kanga. Lakini tone moja likipigwa picha kwa karibu huonyesha mambo ambayo jicho halikuyaona, na kazi hiyo haihitaji kamera ya mamilioni. Kamera ndogo ya mfukoni, hata ya zamani, inatosha. Tena, ukishaweza kupiga picha nzuri ya tone, utaweza kumwonyesha bwana shamba mdudu mdogo anayekula mahindi yako.

Muda na mahali

Hapa Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi. Tangu hapo hadi saa 2 hivi mwanga ni laini, na upepo mara nyingi bado umetulia. Umande hupatikana zaidi baada ya usiku usio na mawingu wala upepo. Wakati wa mvua, toka nje mara tu inapokatika.

Si kila tone la asubuhi ni umande. Matone yaliyojipanga kwenye kingo na ncha za majani ya mahindi au magimbi mara nyingi ni maji ambayo mmea wenyewe umeyanyonya kwa mizizi na kuyasukuma nje usiku. Kwa anayeanza, jani la gimbi ni zuri kuliko mengine, kwa sababu halishiki maji. Tone husimama juu yake likiwa la mviringo kama gololi.

Walio kando ya ziwa watavutiwa na matone yaliyo juu ya magugu maji. Piga ukiwa nchi kavu. Vimelea vya kichocho huishi kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono, na huingia mwilini kupitia ngozi. Picha isikuletee ugonjwa.

Kuandaa kamera

Kwanza, tafuta kitufe chenye alama ya ua. Alama hiyo huiambia kamera kwamba unataka kupiga kitu cha karibu. Usipoiwasha, tone litatoka ukungu mtupu.

Pili, usivute picha kwa zuumu. Kamera nyingi ndogo zinaweza kusogea hadi sentimita chache tu kutoka kwenye kitu, lakini ukizuumu uwezo huo hupungua. Sogeza kamera yenyewe.

Tatu, zima flashi. Kwa umbali huo mwanga wake huunguza picha na kuacha doa jeupe juu ya tone.

Nne, itulize kamera. Iweke juu ya jiwe, ambalo Mwanza halikosekani, au juu ya mfuko mdogo uliojazwa mchanga na kufungwa vizuri. Kisha tumia saa ya kujipiga ya sekunde 2, ili kidole kisiitikise.

Tano, bonyeza kitufe nusu na usubiri kamera ilenge, ndipo umalizie. Piga mara 10 au zaidi, ukisogea mbele au nyuma kidogo kila mara. Karibu hivyo, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba sana, na kwa kawaida picha moja au mbili tu ndizo zitakazofaa.

Kwa simu, mambo ni hayo hayo. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, gusa tone kwenye skrini ili simu ilenge hapo, na ikikataa, rudi nyuma kidogo. Baadaye unaweza kukata picha ibaki sehemu unayoitaka.

Kilichomo ndani ya tone

Tone ni lenzi. Likiwa juu ya jani, mishipa iliyo chini yake huonekana minene. Likiwa linaning'inia, vitu vya nyuma yake huonekana ndani yake vikiwa vimepinduliwa. Jaribu kuweka ua la alizeti au kipande cha kanga nyuma ya tone linaloning'inia, kisha lenga ndani ya tone lenyewe.

Matone yanayoanguka ni kazi nyingine. Mwaka 1957 Harold Edgerton wa Marekani alitoa picha maarufu ya tone la maziwa likirusha taji, akitumia mwanga wa umeme unaowaka kwa muda mfupi mno. Anayeanza na kamera ndogo aanze na tone lililotulia.

Kutoka tone hadi kiwavi

Viwavijeshi vamizi vilithibitishwa kuwapo Tanzania mwaka 2017, na tangu hapo vimekuwa adui mkubwa wa mahindi. Kiwavi aliyekua kidogo hutambulika kwa mstari kama herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia. Alama hizo ni ndogo. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama haitazionyesha, na bwana shamba atabaki kukisia, nawe unaweza kununua dawa isiyofaa.

Kwa hiyo fanya kama ulivyofanya kwa tone: asubuhi, flashi imezimwa, kamera imetulia, umesogea karibu. Piga picha tatu: moja ya kichwa, moja ya mkia, na moja ya mmea mzima ili uharibifu uonekane. Zitume mapema, viwavi vikiwa bado vidogo, maana vikishakua na kujificha ndani ya moyo wa mhindi, dawa hazivifikii kirahisi.

Kesho asubuhi anza na tone moja. Halina haraka ya kukimbia, na ukikosea mara ishirini hupotezi gunia hata moja.