Zungusha Mwenyewe: Lenzi za Mkono na Vita vya Midomo ya Kamera

Agosti 2022 nilipoteza picha ambayo haiwezi kurudiwa.

Familia moja kule Chwele ilinilipa nirekodi tohara ya kijana wao. Kama wewe ni wa Bungoma unajua mambo: Wabukusu hutahiri Agosti, mwaka wa namba shufwa. Kijana anashuka mtoni alfajiri, anapakwa tope, halafu anarudi nyumbani katikati ya umati unaoimba. Anapita mbele yako mara moja tu. Huwezi kumwambia, "Buda, rudi mtoni, tuchukue tena."

Kamera niliyokuwa nimekopa ilikuwa na otofokasi. Kijana alipotokea kwenye ukungu, lenzi ikaanza kutafuta. Mbele, nyuma, mbele. Mwisho ikashika tawi la mtu aliyekuwa anacheza. Nilipofika kwangu Cheptais kuangalia, tawi lilikuwa kali hadi unahesabu majani, na kijana mwenyewe alikuwa kivuli cha rangi ya udongo.

Mzee wa boma aliniuliza swali moja tu: "Kijana, na ile ya kutoka mtoni iko wapi?"

Nilirudisha nusu ya pesa. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka huohuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo hiyo nusu ilikuwa kodi ya nyumba. Lakini swali la mzee ndilo lilinikaa kichwani. Nikaanza kujiuliza: kwani kabla ya otofokasi watu walikuwa wanapigaje?

Jibu ni kwamba walizungusha wenyewe. Mcheki Mohamed Amin, mtoto wa Eastleigh aliyezaliwa 1943. Alianzisha Camerapix pale Dar es Salaam mwaka 1963. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 alipiga. Tom Mboya alipouawa Nairobi Julai 1969, Amin alipiga. Miaka hiyo otofokasi haikuwa kitu cha kununua dukani. Minolta 7000, kamera iliyoifanya iwe jambo la kawaida, ilitoka 1985. Kabla ya hapo, nyuma ya kila picha kali ya mtu anayekimbia kulikuwa na vidole vilivyojua ringi izungushwe kiasi gani.

Halafu 1991, ghala la silaha likalipuka Addis Ababa na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Fikiria hilo kidogo. Wa kulia unabonyeza. Wa kushoto ndio unabeba lenzi na kuzungusha. Alipata mkono wa bandia na akarudi kazini, hadi alipofariki 1996 kwenye ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka karibu na Komoro. Sisi wenye mikono miwili tulikuwa tumeshaachia mota kazi ya mmoja.

Basi nikaenda Kitale kutafuta lenzi ya zamani. Mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio alinitolea moja kwenye kopo la biskuti: Helios 44-2, 58mm, f/2, chuma kitupu, iliyotengenezwa Muungano wa Kisovieti. Hesabu zake asili ni za Ujerumani, za lenzi ya Zeiss iliyoitwa Biotar. Baada ya vita vya 1945 Wasovieti walizichukua na kuzifanya zao. Mzee akaniambia, "Kijana wangu, hii haina kitu cha kuharibika. Ikikauka, paka grisi."

Shida ikawa moja: itakaaje kwenye kamera yangu? Hapo ndipo nilipogundua kwamba historia ya lenzi ni historia ya mdomo wa kamera, ile sehemu lenzi inapokaza. Mafundi wanaiita maunti.

Kila lenzi hupigiwa hesabu ikae umbali fulani kamili kutoka kwenye filamu. Maunti ya Nikon F ya mwaka 1959 ni milimita 46.5. Ile ya kukaza kama bolti, M42, ambayo Helios yangu inatumia, ni 45.46. Ukiisogeza lenzi mbele kuliko inavyotakiwa, vitu vya karibu utavipata, lakini Mlima Elgon kule nyuma hautawahi kuwa mkali hata uzungushe hadi kesho.

Makampuni yanajua hiyo hesabu ni kufuli. Mwaka 1987 Canon iliacha maunti yake ya FD yenye milimita 42 na kuhamia EF yenye 44. Ni milimita mbili tu, lakini zilitosha kuwatenga watu na lenzi walizonunua kwa miaka. Ukitaka FD ione mbali juu ya kamera ya EF, lazima uongeze kioo katikati, na kioo hicho kinaharibu picha. Vioo vyao vilikuwa vizima kabisa. Mlango ndio ulibadilishwa.

Kilichovunja kufuli ni kuondoa kioo cha ndani, kile kinachoruka ukibonyeza. Kioo kilihitaji nafasi. Kikitoka, mdomo unasogea karibu na sensa. Panasonic G1 ilifungua njia mwaka 2008. Maunti ya E ya Sony ikaja 2010 na milimita 18 tu. Mwaka 2018 Nikon Z ikashuka hadi 16, na Canon RF ikakaa 20. Sasa toa 18 kwenye 45.46. Unabaki na milimita 27.46 za hewa. Hewa hiyo unaijaza na adapta, bomba la chuma lisilo na kioo wala waya, na Helios ya kopo la biskuti inakuwa hai tena.

Ungedhani waundaji wa lenzi mpya wangelia. Wapi! Baadhi yao waliona soko. Zeiss ilitoa Loxia mwaka 2014, lenzi za mkono za maunti ya E. Cosina ya Japani, ambayo tangu 1999 inatumia jina la zamani la Voigtländer, ina Nokton 40mm f/1.2 ya Leica M, nyingine ya Sony E, nyingine ya Nikon Z. Laowa ya China nayo hutoa lenzi moja kwa midomo kadhaa.

Na si suala la kubadilisha mkia tu. Mbele ya sensa kuna kioo chembamba, na unene wake unatofautiana: Leica huweka chembamba sana, Sony kinene zaidi. Mwanga unaoingia kwa mshazari kwenye pembe za picha hupinda tofauti, kwa hivyo lenzi ya Leica ikikaa kwenye Sony, pembe zinaweza kufifia. Fundi lazima arudie hesabu. Halafu kuna vidoti vya umeme: ukigusa ringi, kamera inakuza picha yenyewe ili uone kama jicho ni kali. Kwa maunti ya Nikon Z, Cosina inatengeneza kwa leseni ya Nikon. Kwa hivyo mlango umefunguliwa, lakini ufunguo bado una mwenyewe.

Lenzi hizo ni tamu, siwadanganyi. Ringi inateleza kama asali. Lakini bei yake ukiongeza ushuru unaongelea ng'ombe wa maziwa, na mimi sina hata kuku. Ninachowaambia wasee ni hiki: wanaolipa bei hiyo wanalipia kitu ambacho wazee wetu wa studio walikuwa nacho bure mikononi. Kabla ya kukopa kwenye simu ununue kamera inayofikiria kwa niaba yako, jifunze kupima mita tatu kwa macho.

Agosti 2024 nilirudi Chwele, familia nyingine. Jioni kabla, nilipima hatua zangu kwenye njia ya kutoka mtoni na kuweka jiwe. Nikazungusha Helios hadi mita tatu, nikafunga kwa f/4, nikaacha hivyo. Alfajiri umati ukaja, njuga zinalia, matawi kila mahali. Sikuangalia matawi. Nilingoja miguu ya kijana ifike kwenye jiwe.

Sehemu ya kisu sipigi, hiyo ni yao. Lakini picha ya kutoka mtoni iko. Tope limekauka kwenye kope zake, na unaweza kuzihesabu.