Mdalasini Kando ya Ziwa

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mapishi ya Mwanza wamo wageni wengi waliokwisha kuwa wenyeji, na mmoja wao ni mdalasini. Alfajiri, wavuvi warudipo mwaloni Kirumba, chai inayowangoja aghalabu hunukia tangawizi na gome hili. Hata hivyo, chakula cha wazee wa Kisukuma kilikuwa ugali, samaki, maziwa, samli na michembe, na hakuna hata kimoja kilichohitaji mdalasini. Basi mgeni huyu alifikaje ziwani, na kweli humponya mwenyeji?

Jina lenyewe latupa dalili ya kwanza. Waajemi waliuita dar-chini, yaani mti wa China. Waarabu wakasema darsini. Nasi tukatamka mdalasini. Watu wa Ulaya ya kale hawakujua utokako. Herodotus, Mgiriki wa karne ya tano kabla ya Kristo, alisimulia kwamba huko Uarabuni ndege wakubwa walijengea viota vyao vijiti vya mdalasini. Mti wenyewe ulikuwa ukiota Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Wareno walifika kisiwani humo mwaka 1505. Waholanzi wakawafukuza kabisa mwaka 1658. Na mwaka 1796 Waingereza wakawanyang'anya Waholanzi. Kiungo cha jikoni kilikuwa sababu ya vita na utawala.

Nchini mwetu mdalasini hustawi Zanzibar na katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, penye joto na mvua nyingi. Kwa Mwanza umekuwa bidhaa ya safari. Katika siku za misafara, njia ya Bagamoyo ilipita Tabora hadi Kageyi, ambako Stanley aliwasili mwaka 1875 akawakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutua. Lakini mpagazi alitwishwa hasa nguo, shanga na waya, na kurudi na pembe za ndovu. Biashara ya madukani ilipanuka baada ya reli ya Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, meli zikaunganisha bandari hiyo na Mwanza. Kisha reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Pilau ya Waswahili na chai ya maziwa ya Wahindi zikapata njia, na viungo vyake vikafuatana nazo.

Yapasa tujue kwamba jina hili moja limebeba miti zaidi ya mmoja. Mdalasini wa Ceylon, ambao ndio hasa uliopandwa kwetu, huvunwa katika machipukizi ya takriban miaka miwili. Gome la nje huparwa, la ndani likabanduliwa na kukaushwa, nalo hujikunja tabaka juu ya tabaka, jembamba, la rangi ya hudhurungi hafifu. Nduguye, kasia wa China na Asia ya Kusini-Mashariki, ana gome nene, gumu, lenye ladha kali. Lakini unene peke yake si shahidi wa kutosha, kwa kuwa hata mdalasini wa Ceylon, ukibanduliwa kwenye shina kuukuu, hutoa gome nene. Ukishasagwa, jicho halina tena hukumu.

Tofauti hii si ya ladha tu. Kasia ana kumarini nyingi, kitu kinachoweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Mdalasini wa Ceylon una chembe chache mno. Wataalamu wa Ulaya wameweka kikomo ambacho kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 6 za kumarini kwa siku. Kijiko kimoja kidogo cha unga wa kasia chaweza kukifikia.

Na uponyaji je? Mwaka 2003 watafiti waliwapa kasia wagonjwa wa kisukari nchini Pakistani. Jaribio hilo, la watu 60, lilionyesha sukari ikishuka. Habari zikaenea duniani. Lakini mwaka 2012 yalipopimwa pamoja majaribio 10 yenye watu 577, ilionekana kwamba ushahidi hautoshi kuufanya mdalasini kuwa tiba ya kisukari. Kwa hiyo aliyeandikiwa dawa, iwe hospitali ya Bugando au zahanati ya kijijini, asiiache kwa sababu ya unga aliouziwa mnadani. Anayeacha dawa huweka rehani macho yake, figo zake na uhai wake.

Mwalimu anaweza kuweka kipande cha gome hili mezani na kuwafundisha wanafunzi wake lugha, jiografia, historia na sayansi kwa pamoja. Mgeni huyu ametupa harufu nzuri na chai tamu. Tumheshimu kwa hayo aliyokuja nayo, wala tusimtwishe kazi ya mganga.